Mtoto Anayetaka Kusomea Viumbe wa Majini Hajapotea

Tangu mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari uanze kutumika Uganda mwaka 2020, na hasa baada ya kundi la kwanza kuufanyia mtihani wa UCE, ule wa kidato cha nne, mwaka 2024, neno mradi limeingia katika kila nyumba yenye mwanafunzi. Mtoto hutoka shuleni akiomba fedha za vifaa vya kutengenezea sabuni ya maji, mishumaa, mikeka au mifagio, na mzazi hutoa akiamini kwamba hiyo ndiyo maana ya elimu ya umahiri: kumpa mtoto ufundi wa mikono utakaomletea riziki. Ufundi wa mikono ni jambo jema, wala sina ugomvi nao. Hata hivyo, kusudi la mradi halikuwa kutoa kitu cha kuuza. Kusudi ni mwanafunzi atambue tatizo la mahali anapoishi, alichunguze, atafute namna ya kulishughulikia, kisha awaeleze wengine alichokiona. Hiyo ni kazi ya sayansi, na katika nchi yetu sioni mahali inapohitajika zaidi kuliko majini. Hoja yangu ni kwamba kijana wa Uganda anayesema anataka kusomea viumbe wa majini, kuokoa wanyama na kuwafundisha watu juu yao hajachagua ndoto ya nchi za mbali. Amechagua kazi ambayo nchi hii imekuwa ikiihitaji kwa karibu miaka mia moja, na sehemu yake tuliyoipuuza kuliko zote ni hiyo ya tatu, ya kuufundisha umma.

Nianze na pingamizi lililo dhaifu, kwa sababu ndilo linalosikika zaidi. Husemwa kwamba Uganda haina bahari, kwa hiyo mtoto anayetaja biolojia ya bahari anajipotezea wakati. Ni kweli hatuna bahari. Lakini zaidi ya sehemu moja kati ya saba ya eneo la nchi imefunikwa na maji, na Ziwa Victoria peke yake, tunaloligawana na Tanzania na Kenya, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, kiasi kwamba mvuvi aliye katikati yake haoni nchi kavu upande wowote. Tena kinachomfanya mtu awe mwanabiolojia wa maji si chumvi iliyomo ndani yake. Kukadiria wingi wa samaki kwa sauti inayotumwa chini kutoka kwenye chombo, kusoma umri wa samaki katika vijiwe vya sikio lake, kupasua tumbo ili kujua amekula nini, kupima oksijeni kina kwa kina: haya hufanywa vilevile Jinja ziwani na Mombasa baharini. Na bahari yenyewe haiko mbali kiasi hicho. Huko Watamu, kwenye pwani ya Kenya, shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likifanya kazi tangu mwaka 1997: mvuvi akimnasa kasa katika wavu wake hupiga simu, watu huja, humpima na kumkagua, aliye mgonjwa hupelekwa kutibiwa na aliye mzima hurudishwa majini, na mvuvi hulipwa kiasi kidogo cha kufidia muda na gharama zake. Watu hao hao huingia madarasani kuwafundisha watoto wa wavuvi. Kijana wa Kampala anaweza kufika huko kwa basi, na lugha ya kazi anayo tayari.

Wanaodhani fani hii ni ngeni kwetu wameisahau Jinja. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alilizunguka Ziwa Victoria kuchunguza kwa nini ngege, samaki wa jamii ya tilapia, walikuwa wakipungua, akapendekeza nyavu zenye matundu madogo kuliko inchi tano zipigwe marufuku na ziwa zima lisimamiwe kwa pamoja. Mwaka 1947 kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja, nacho ndicho mzazi wa taasisi ya utafiti wa uvuvi tuliyo nayo mpaka leo katika mji huo. Rosemary Lowe alifika hapo mwaka 1948 akachunguza jamii za ngege wa maziwa yetu, akawa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa samaki wa maji baridi katika karne iliyopita. Lakini mwaka 1953 alilazimika kuiacha ajira kwa sababu alikuwa anaolewa, na kanuni za utumishi wa kikoloni hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kubaki kazini. Ninalitaja hili kwa ajili ya mabinti ambao bado huambiwa kwamba kazi ya kushinda mtumbwini si ya mwanamke. Kisha mwaka 1960 Geoffrey Fryer, naye wa kituo hicho hicho, alichapisha maonyo dhidi ya kumtia ziwani sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine. Sangara alitiwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amelijaza ziwa, na mamia ya aina za furu, wale samaki wadogo tunaowaita nkejje, walikuwa wametoweka au kubaki kwa nadra. Ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, maana yake aina zaidi ya 500 za furu zilizokuwamo zilitokea katika muda ambao, kwa hesabu za viumbe, ni kama jana. Hakuna darasa la mabadiliko ya viumbe lililo bora kuliko hilo duniani, na tulilipoteza kwa sehemu kubwa ndani ya miaka kumi hivi.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kuwa ni cha wataalamu waliopuuzwa na wakubwa. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Maonyo ya Fryer yalichapishwa katika jarida la kilimo, kwa Kiingereza, yakasomwa na maofisa. Watu ambao ziwa lilikuwa shamba lao hawakuulizwa wala hawakuelezwa, na kama wangeelezwa, hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kufanya kazi hiyo. Siwezi kudai kwamba wangemkataa sangara. Huenda wangemtaka kwa nguvu zaidi, kwa kuwa samaki huyu alikuja kujenga viwanda, kuleta fedha za kigeni na kusomesha watoto wengi, na mtu anayezungumzia furu waliopotea bila kuzitaja nyumba zilizojengwa kwa sangara hasemi ukweli wote. Ninachosema ni kwamba uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya ziwa hili ulipita juu ya vichwa vya watu wake, na kwamba ujuzi uliokuwepo haukuwa na njia ya kuwafikia.

Njia hiyo bado haijakamilika. Mwezi Januari mwaka 2021 nilikuwa wilayani Wakiso kwenye mwalo mmoja, yaani mahali wavuvi hushushia samaki, wakati sangara waliokufa walipokuwa wakielea kwa wingi kandokando ya ziwa, wakubwa wenye uzito wa mtoto, matumbo yamevimba na kunguru wakianza na macho. Kila mtu alisema ni sumu. Dhana hiyo ilikuwa na asili yake, kwa maana mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwahi kuzuia samaki wetu kwa sababu ya watu waliovua kwa kemikali za shambani, na njaa ya miezi ile haijasahaulika katika mialo. Alikuja ofisa mmoja akaeleza, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, kwamba dhoruba zilikuwa zimeyachanganya maji ya juu na ya chini, oksijeni ikapungua, na sangara hawezi kuvumilia upungufu huo. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, na ndiyo yaliyotolewa na wizara. Mama mmoja mwanika dagaa akauliza: “Ofisa, kama maji yalikosa hewa, mbona mamba hajafa?” Yeye, mtu wa Buganda, alimkusudia kamongo, samaki mrefu wa matopeni, ambaye kwa Kiganda ndiye mamba. Ofisa, ambaye hakuwa mtu wa Buganda, alimwelewa kwa Kiswahili, akamjibu habari za mamba wa meno: kwamba ana mapafu, huja juu kuvuta hewa. Watu wakanung’unika kwamba huyu hajui hata samaki anayeulizwa, wakatawanyika na sumu yao vichwani.

Jibu lile lilikuwa sahihi kwa kamongo pia. Kamongo ana mapafu, naye huja juu kuvuta hewa, na akizuiwa asifike juu hufa maji kama mtu. Swali la yule mama lilikuwa swali bora la kisayansi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Aliona kwamba kama maelezo ni ya kweli lazima yaeleze pia kwa nini wengine wamesalimika. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia: mama, umeuliza vema, njoo tumtazame huyu samaki wako akipanda juu. Mtu huyo ndiye ninayemtetea katika makala haya. Anapaswa kuijua biolojia barabara, ajue pia kwamba neno moja huita viumbe wawili kwenye mwalo mmoja, na awe na subira ya kubaki baada ya hotuba kwisha. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai mwaka 2022, nasi tunaokipenda tulifurahi; lakini kwenye ziwa Kiswahili kimekuwa kwa muda mrefu zaidi lugha ya amri, ya askari anayekagua nyavu. Kuwa lugha ya kueleza kwa nini wavu wenye tundu dogo unamnyima mvuvi samaki wa mwakani ni kazi nyingine, na itafanywa na watu.

Watu hao watakuta uwanja uliokwisha kulimwa nusu. Koo za Buganda zina viumbe wa majini kwa miiko yao: Mmamba, Nkejje, Ngonge ambaye ni fisi maji, Nvubu ambaye ni kiboko. Mtu wa ukoo wa Mmamba hamli kamongo, na mkuu wa ukoo huo, Gabunga, ndiye aliyekuwa kiongozi wa mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mtoto wa ukoo wa Nkejje akielezwa kwamba mamia ya aina za samaki ambaye ni jina lake zimetoweka au kubaki kwa nadra, hahitaji kushawishiwa kwamba habari hiyo inamhusu.

Kuhusu uokoaji wa wanyama liko pingamizi lenye uzito, nalo linastahili kusikilizwa. Wapo wahifadhi wanaosema kwamba kumwokoa mnyama mmoja mmoja ni matumizi mabaya ya fedha chache tulizo nazo. Kwamba shilingi inayomlisha sokwe yatima ingelinda msitu ambamo sokwe kumi wanazaa. Kwa hesabu tupu wana haki. Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, ambacho kilianza kuwapokea sokwe yatima mwaka 1998, kina takriban ekari mia moja. Sokwe huweza kuishi zaidi ya miaka hamsini, na msitu wa ekari mia moja hauwezi kuwashibisha sokwe wengi bila kulishwa na watu kila siku, kwa hiyo kila anayeingia ni gharama ya nusu karne. Kituo cha wanyama cha Entebbe, kilichoanza mwaka 1952 kuwapokea wanyama walioachwa yatima, nacho kina mzigo wa namna hiyo. Lakini pingamizi hilo linahesabu mnyama na kumsahau mtazamaji. Watoto wetu wengi humwona faru au sokwe kwa mara ya kwanza Entebbe, wakiwa wamevaa sare za shule na kushikana mikono kwa mstari, kwa kuwa kiingilio cha hifadhi na safari ya siku mbili haviko katika uwezo wa wazazi wao. Mnyama aliyeokolewa asipotumika kufundisha, basi wahifadhi hao wamesema kweli, nasi tutapokea yatima bila mwisho. Akitumika kufundisha vizuri, yatima wa kesho hupungua.

Ushahidi tunao hapa nchini. Mwaka 1996 sokwe wakubwa wa msitu wa Bwindi, wale gorila wa milimani, walipatwa na upele. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika hifadhi zetu, aliwatibu, na wote wakapona isipokuwa mtoto mmoja aliyekufa. Tiba ingeweza kuishia hapo. Lakini chanzo kilionekana kuwa ni nguo za watu, zikiwemo zile zinazovalishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani, na hiyo ikamaanisha kwamba gorila hatapona kabisa mpaka jirani yake apone. Mwaka 2003 alishiriki kuanzisha shirika linalotibu na kufundisha watu na wanyama kwa pamoja. Mfano wa pili uko karibu zaidi na maji. Katika kinamasi cha Mabamba, magharibi ya rasi ya Entebbe, anaishi bulwe, ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu, ambaye chakula anachokipenda ni kamongo. Wavuvi waliamini kwamba ukimwona asubuhi hutapata samaki, wakawa wanamuua. Leo wavuvi wa pale huwapeleka wageni kwa mitumbwi yao kumtazama, wakisukuma upondo polepole katikati ya mafunjo ili asishtuke, na kumwona bulwe kumekuwa ndiyo bahati yenyewe. Sheria ilikuwepo kabla ya hapo, lakini kilichobadili mambo ni watu kukaa na wavuvi na kuwafundisha kumwona ndege yule kwa jicho jingine, pamoja na fedha zilizofuata baadaye.

Hapo nakutana na hoja nzito zaidi, ya wale wasemao kwamba mvuvi anahitaji kipato na kizuizi, na kwamba mafunzo hayamshibishi. Mwaka 2017 jeshi liliingia ziwani kuzuia mitumbwi midogo na nyavu haramu, na wapo wavuvi, siyo wachuuzi wa viwanda peke yao, wanaokiri kwamba baadhi ya samaki wakubwa walirudi. Siyakatai hayo. Bila kizuizi, mvuvi mwadilifu huvuliwa samaki wake na asiye mwadilifu, na hakuna darasa litakalomfuta machozi. Lakini mitumbwi iliyochomwa na vipigo vilivyolalamikiwa vimeacha chuki ambayo siku askari akiondoka itarudi na makokoro usiku huo huo, kwa sababu sababu ya katazo haikuwahi kuingia moyoni. Kizuizi na elimu ni kama kasia na tanga. Tumekuwa tukipiga kasia kwa jasho jingi na tanga limekunjwa.

Kuhusu ajira, sitamdanganya mzazi. Nafasi za watafiti ni chache, mishahara ya maofisa uvuvi wa wilaya haivutii, na mashirika mengi huajiri kwa mradi wa miaka miwili mitatu kisha mkataba ukaisha. Hilo ndilo pingamizi ambalo silo langu kulivunja; ni la serikali, kwa kuajiri. Ninachoweza kusema ni kwamba njia ya kusomea ipo: Makerere hufundisha uvuvi na ufugaji wa samaki, Entebbe ina chuo cha uvuvi, na Katwe, wilayani Kasese, ina chuo cha wanyamapori. Na kazi ya kuelimisha umma ina upana kuliko tunavyodhani. Rachel Carson, mwanabiolojia wa bahari wa Marekani, aliingia katika idara ya uvuvi ya nchi yake katika miaka ya 1930 kwa kuandika vipindi vya redio, 52 kwa idadi, vya dakika saba kila kimoja, juu ya viumbe wa majini. Sisi tuna redio katika wilaya nyingi, na mvuvi husikiliza redio akiwa anashona wavu. Ningependa pia kila kijana anayeielekea kazi hii ajifunze kuogelea kabla ya jambo lingine lolote, maana wavuvi wetu wengi hawajui, na ziwa huwachukua kila mwaka.

Sasa turudi kwenye ule mradi wa shuleni. Kifuniko cha debe cha upana wa sentimita 20 hivi, kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo robo, jiwe la kukizamisha na kamba yenye mafundo kila baada ya nusu mita: hicho ni kipimo halali cha kisayansi, kilichotokana na sahani nyeupe aliyoijaribu padri Mwitaliano Angelo Secchi mwaka 1865 kwenye maji ya Bahari ya Mediterania. Hushushwa majini mpaka kisionekane, na kina hicho huandikwa. Karne iliyopita ilipokuwa changa, maji ya wazi ya Ziwa Victoria yaliruhusu jicho kushuka mita kadhaa. Mbolea, udongo na majitaka viliyatia ukungu wa mwani, mpaka katika ghuba nyingi kifuniko kikawa kinapotea kabla ya mita mbili. Ukungu huo ndio huo unaokula oksijeni mwani unapokufa na kuoza. Na ndio huo uliowachanganya furu, kwa maana jike la furu humchagua dume kwa rangi yake, na lisipoiona rangi huzaa na wa aina nyingine, hata aina mbili zikawa moja. Shule ya kando ya ziwa, iwe ya Kigungu, ya Kasensero au ya Masese, inaweza kupima kila Jumatatu asubuhi kwa miaka minne ya mtaala, kwa gharama iliyo chini ya ile ya sabuni ya maji, ikaandika vipimo vyake ubaoni kwenye mwalo, kwa Kiganda au Kisoga au Kiswahili, mahali ambapo wavuvi husimama kungoja bei. Siku maji yakichafuka ghafla na sangara wakianza kuelea, mwanafunzi wa kidato cha pili atakuwa na daftari la kumwonyesha yule mama wa dagaa, na mama atakuwa na swali la pili.